Mto Usiousikiliza Usiuchezee

Mwanadamu amepewa milango mitano ya fahamu, lakini shule zetu zimezoea kupitia mlango mmoja tu, nao ni jicho. Jicho husoma kitabu, jicho husoma ubao, jicho hutazama ramani ambayo mto umechorwa juu yake kwa mstari wa buluu. Kisha mwanafunzi huambiwa kwamba ameujua mto. Mimi silikubali jambo hili. Mstari wa buluu haulii, haunuki, haufuriki wala haukauki. Hauna chura wala kaa. Mwanafunzi aliyeujua mstari huo ameijua ramani; mto bado hajaujua.

Kwa hiyo, kijana msomaji, nataka kutetea jambo ambalo baadhi ya walimu hulicheka: kwamba sauti na ngoma ni njia za kweli za kujifunzia ekolojia ya mto, yaani elimu ya viumbe vya mtoni na namna vinavyotegemeana na maji, mawe, miti na watu wa kandokando. Tena nataka kuongeza jambo la pili ambalo wacheza ngoma nao huenda wasilipende: kwamba ngoma ya mto isiyotanguliwa na kuusikiliza mto wenyewe ni uongo, hata ikishangiliwa na ukumbi mzima. Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili. Kumchezea mtu ni kucheza kwa ajili yake, na kumchezea mtu ni kumfanyia mzaha. Anayeuchezea mto bila ya kuusikiliza hukusudia maana ya kwanza akaangukia katika ya pili.

Nimehudhuria mashindano mengi ya nyimbo na ngoma za shule, na moja ningali nalikumbuka. Kundi la wanafunzi liliingia jukwaani limevaa vitambaa vya buluu, likatikisa mabega mfano wa mawimbi, likaimba kwamba maji ni uhai na kwamba sharti tuyatunze mazingira yetu. Sauti zilipatana, miguu ilikwenda pamoja, na waamuzi walitoa alama za juu. Nyuma ya ukumbi ule ulipita mto mdogo wenye maji meusi, na bomba la maji machafu lilimwagikia ndani yake mchana kweupe. Katika watu wote waliopiga makofi sikumwona hata mmoja aliyekwenda dirishani. Wimbo haukutaja jina la samaki, wala la mdudu, wala la mti, wala la kijiji. Ungaliweza kuimbiwa mto wowote duniani. Na wimbo uwezao kuimbiwa mto wowote haujauimbia hata mmoja. Siwalaumu watoto wale, maana walifanya walivyofundishwa. Nayalaumu mafundisho yanayomtaka mtoto aipambe habari kabla ya kuitafuta.

Sasa tuulize: sikio laweza kutuambia nini ambacho jicho halituambii?

Mfano wa kwanza ni mlio wenyewe wa maji. Maji yapitayo katika mfereji laini hayana kelele kubwa. Yafikapo penye mawe huvunjika, huruka, na hunasa hewa ndani yake. Hewa ile hufanya viputo, na viputo hutetemeka. Mlio tunaouita mlio wa mto, kwa sehemu kubwa, ni mtetemeko wa viputo hivyo. Na kule kuvunjika kwa maji ndiko kunakosaidia kuingiza oksijeni ndani yake, ile hewa ambayo samaki na wadudu wa mtoni huivuta. Basi mto unapovuma juu ya mawe, unavipa viumbe vyake pumzi. Watu wanapochimba mawe na mchanga kupita kiasi, au takataka zinapoziba mkondo hata maji yakalala, mlio ule hupungua. Mwenye sikio hutambua kwamba pana jambo limeharibika kabla hajafungua sanduku la vipimo.

Walakini usije ukadhani kwamba mlio mkubwa ni hati ya usafi. Maporomoko ya Fourteen Falls, karibu na Thika, hunguruma vizuri, lakini mto Athi ufikapo pale umekwisha pokea maji ya mto Nairobi pamoja na taka zake. Sikio ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi. Ndiyo sababu sisemi kwamba sauti ichukue mahali pa vipimo. Nasema kwamba vipimo visiketi peke yao barazani.

Mfano wa pili umo chini ya maji. Hewani sauti huenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Majini huenda kiasi cha mita 1,500. Lakini sauti inayozaliwa majini hurudishwa chini na uso wa maji, na ni sehemu ndogo sana itokayo nje. Kwa sababu hiyo twasimama ukingoni tukadhani kwamba chini kuna kimya. Chombo kiitwacho haidrofoni, yaani kinasa sauti kinachotumbukizwa majini, kimeiondoa dhana hiyo. Kimetujulisha kwamba wadudu wa mtoni hulia. Kwamba baadhi ya jamaa za kambare husugua miiba ya mapezi yao wakatoa sauti. Na kwamba mimea ya majini hutoa viputo vyenye mlio inapojitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Mwaka 2011 wataalamu wa Ufaransa na Uskoti walitangaza habari za mdudu mmoja wa maji ya Ulaya, jina lake la kitaalamu Micronecta scholtzi. Urefu wake ni kama milimita 2 tu, na kilio chake kilipimwa kufikia desibeli 99. Walisema kwamba, kwa kulinganisha sauti na ukubwa wa mwili, hawakupata mnyama aliyemshinda. Wahenga walinena kwamba avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Mtoni nako wengi wapo, na hatuwasikii kwa kuwa hatukuinama. Mtaalamu anayenasa sauti zao mwezi baada ya mwezi aweza kupata dalili za nani amehama na nani amerudi, bila ya kuvua wala kuua kiumbe hata kimoja.

Pengine utasema kwamba haya ni maneno mazuri yasiyo na watendaji. Wapo. Annea Lockwood, mtunzi wa muziki aliyezaliwa New Zealand akahamia Marekani, alitoa mwaka 1982 ramani ya sauti ya mto Hudson, tangu chimbuko lake katika milima ya Adirondack mpaka bahari ya Atlantiki. Baadaye, kati ya mwaka 2001 na 2004, aliufuata mto Danube tangu Ujerumani mpaka Bahari Nyeusi, akanasa sauti za juu ya maji na za chini yake, akawahoji na wakazi wa kandokando. Huko Australia, Leah Barclay alianza mwaka 2014 kazi iitwayo River Listening pamoja na wataalamu wa mito wa Chuo Kikuu cha Griffith. Waliweka haidrofoni katika mito ya Queensland, kama vile Brisbane, Mary na Noosa. Na sauti zile zile zilizomfaa mtunzi kwa muziki zilimfaa mwanasayansi kwa uchunguzi.

Upande wa ngoma nao haukulala. Mwaka 2006 Marylee Hardenbergh aliwapanga wachezaji mahali saba kandokando ya mto Mississippi, wakacheza kwa wakati mmoja, ili watu wa juu na watu wa chini wakumbuke kwamba maji yao ni mamoja. Tangu mwaka 2011 kumekuwa na ngoma za maji ziitwazo Global Water Dances, zilizochezwa katika nchi nyingi kila baada ya miaka miwili. Na mwaka huo huo wa 2011 ulianzishwa mradi wa Nile Project, uliowakutanisha wanamuziki wa nchi za bonde la mto Nile. Kenya ilikuwamo kwa haki yake, maana maji ya Nzoia, Yala na Mara huingia katika ziwa Victoria, na ziwa hilo huulisha Nile.

Sikuyataja majina hayo ili uyasujudie. Sisi tulio na ngoma hatuna haja ya kuazima ngoma. Wimbo wetu wa Taifa, uliotayarishwa mwaka 1963, ulijengwa juu ya mahadhi ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, na Wapokomo ni watu wa mto Tana. Basi kila tunaposimama wima shuleni tukaimba, twaimba sauti iliyozaliwa ukingoni mwa mto. Taifa lililochota wimbo wake mtoni halina haki ya kusema kwamba mto na muziki ni vitu viwili visivyojuana. Wakamba wana kilumi, ngoma iliyochezwa pia katika maombi ya mvua. Jiji la Nairobi lilipata jina kwa Wamasai kutokana na ubaridi wa maji yake, si kutokana na urefu wa majengo yake. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa upesi, na miongoni mwa shida zilizotajwa ni upungufu wa vifaa vya kutengenezea ala na mavazi. Fikiri juu ya neno hilo. Ngoma hutoka mtini na ngozini. Miti ya kandokando ya mto ikiisha, mto hupungukiwa na mpiga ngoma hupungukiwa.

Kazi hii hufanywaje? Nitaeleza kama ninavyoifanya na wanafunzi wangu. Kwanza twachagua mahali patatu katika mto mmoja: juu ya kijiji, penye kijiji, na chini ya kijiji. Kila mahali twaketi kimya kwa robo saa, mbali kidogo na ukingo, bila simu na bila mazungumzo. Kila mwanafunzi hugawa ukurasa wake sehemu tatu: sauti za maji, sauti za viumbe, na sauti za watu na mitambo yao. Pili, twageuza mawe na kuhesabu wadudu. Katika Afrika Kusini pametengenezwa kipimo kiitwacho miniSASS, chenye makundi 13 ya viumbe wadogo, ambacho hata mwanafunzi aweza kukitumia. Maana wako wadudu wasioustahimili uchafu hata kidogo, na wako minyoo waustahimilio, na wingi wa hawa au wa wale ni habari kamili. Kazi hii ya pili hufanywa kwa buti na glavu za mpira, mwalimu akiwapo, kwa kuwa kichocho hakimchagui mtu, na mafuriko hayapigi hodi. Tatu, ndipo twaanza ngoma. Na sheria ya ngoma yetu ni moja: kila hatua iwe na shahidi wake. Mchezaji akiinua mkono, mwenzake aweza kumwuliza, "Hilo ulilisikia wapi?" Asipokuwa na jibu, mkono hushuka.

Jioni moja ya masika twalisikiliza bonde dogo kwa namna hiyo. Juu ya kijiji vyura walilia hata wanafunzi wakashindwa kuwahesabu. Chini ya daraja, ambapo watu huosha magari na mafuta huingia majini, hapakulia hata mmoja. Tulipokaa kutunga ngoma, msichana mmoja aliomba kwamba, wachezaji wafikapo mahali pa daraja, wapigaji wainue mikono yao juu ya ngoma wala wasipige, miguu iendelee bila mlio. Wavulana walimpinga, wakasema kwamba watazamaji watadhani tumesahau. Alijibu, "Ndivyo ilivyo pale. Pamesahauliwa." Siku ya kuonyesha ngoma ile mbele ya wazazi, kimya kile kilishika ukumbi wote, na mzee mmoja aliuliza kwa sauti mbona ngoma imenyamaza. Alipoelezwa, aliuliza swali la pili: ni nani anayeosha magari pale? Swali hilo la pili ndilo nililokuwa nalitaka. Halikuletwa na vitambaa vya buluu. Lililetwa na kweli iliyosikilizwa, ikapimwa, kisha ikachezwa.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana wako wa namna tatu.

Wa kwanza ni mtu wa vipimo. Husema kwamba sayansi ni tarakimu, na ngoma ni mchezo. Nami namwuliza: tarakimu zako zimekaa wapi? Aghalabu zimekaa katika faili, na faili katika kabati, na kabati katika ofisi iliyofungwa. Tarakimu isiyomfikia mtu anayekunywa maji yale haijamaliza safari yake. Tena mwili hujifunza jambo ambalo karatasi hailifundishi. Mwanafunzi aliyecheza sehemu ya mdudu anayekosa hewa maji yanapolala, akabana pumzi kwa kadiri ya ngoma, haisahau tena oksijeni ni kitu gani.

Wa pili ni mtu wa sanaa. Husema kwamba sanaa ni huru, haidaiwi ushahidi. Mimi naupenda uhuru wa sanaa, lakini uhuru si ruhusa ya uvivu. Debe tupu haliachi kuvuma, na ngoma tupu kadhalika. Mto wa kiangazi si mto wa masika. Mto wa juu ya kiwanda si mto wa chini yake. Ukiicheza ngoma ile ile mwaka baada ya mwaka, na mto umebadilika, basi humchezi tena yule uliyemtaja. Wacheza kivuli chako mwenyewe. Mwenye kusikiliza haishiwi na jambo jipya la kucheza, maana mto ndio mtunzi, naye hakai kimya.

Wa tatu ni mtu wa mitihani, naye ndiye mwenye nguvu kupita wote. Husema kwamba jambo hili halimo katika karatasi ya mtihani, na kwamba ngoma haijapata kusafisha mto. Neno lake la pili ni kweli, nami silikani. Ngoma haizibi bomba. Lakini bomba huzibwa na watu, na watu hutenda juu ya jambo walilolijua na kulionea uchungu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala hadaiwi kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria hii ni mlango mpana. Lakini ni nani atakayeupita, ikiwa hakuna aliyeusikiliza mto mwaka huu na mwaka jana, akaandika tarehe, mahali na alichosikia? Daftari la mwanafunzi lenye sauti za mahali patatu, likitunzwa misimu mitano, si mchezo wa watoto. Ni ushahidi.

Na tusidhani kwamba tuna muda wa kupoteza. Katika mvua za mwezi wa Machi mpaka Mei mwaka 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200 katika nchi yetu, na huko Nairobi watu wa kandokando ya mito, kama wa Mathare, walipoteza nyumba zao. Maji hufuata mkondo. Mto haukusahau njia yake; sisi ndio tuliosahau kwamba ilikuwa njia.

Kwa hiyo, kijana, nakupa kazi, na kazi hii haingoji mwalimu wala mtihani. Karibu na shule yako hapakosi kijito, hata kama kimegeuzwa kuwa shimo la taka. Kitafute jina lake. Ikiwa hakuna akijuaye, waulize wazee. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukaingia katika Athi, Athi ukawa Galana, Galana ukawa Sabaki, na Sabaki ukamwagika baharini karibu na Malindi. Basi mtoto wa Kikuyu na mtoto wa Malindi wanashiriki maji, na kila mmoja aweza kumwandikia mwenzake alichosikia upande wake. Nenda na wenzako, na mtu mzima awe pamoja nanyi. Keti. Nyamaza. Andika. Rudi kiangazi, rudi masika. Ukiisha kujua nani analia pale na nani ameacha kulia, ndipo uchukue ngoma. Na yeyote atakayekupa kitambaa cha buluu akakuambia utikise mabega kama mawimbi, mwulize kwa adabu ni mawimbi ya mto gani.